Nani Alimgeuza Mama? Historia ya Vidonda vya Kulalia

 Katika kipindi cha leo tutazungumza juu ya vidonda vya kulalia, yaani vile vidonda vinavyompata mzee au mgonjwa aliyelala mahali pamoja kwa muda mrefu. Wengine huviita vidonda vya kitandani. Kwa kawaida habari hizi tunazianza na namna ya kuosha kidonda na kukifunga. Leo tutaanzia mbali kidogo, kwenye historia, kwa sababu niliitwa katika nyumba moja ambako kidonda cha namna hii kilikuwa karibu kuvunja ndoa ya watu.

Mama wa nyumba hiyo, mwenye miaka zaidi ya sabini, alipata kiharusi. Alilazwa hospitali karibu wiki nne, upande mmoja wa mwili hausogei. Siku ya Ijumaa akaruhusiwa kurudi nyumbani. Mkaza mwana wake ndiye aliyempokea, akamtandikia, akamwogesha. Jumapili alipokuwa akimgeuza aliona kwenye kifandugu doa jeusi, kubwa kama kiganja, gumu na lenye joto. Siku chache baadaye doa lilipasuka likatoa harufu, na chini yake palikuwa na shimo. Wifi zake walipofika kumtazama mama yao hawakuuliza mara mbili. Walisema mama ametoka hospitali ngozi yake nzima, ameharibikia mikononi mwako. Jirani akaongeza kwamba doa kama hilo si la bure, kuna mkono wa mtu. Karatasi ya kuruhusiwa ilitaja kiharusi na presha. Habari za ngozi hazikuandikwa.

Basi kidonda kile kilikuwa cha nani? Madaktari na wauguzi wamebishana juu ya swali hilo kwa zaidi ya miaka 150, na majibu waliyoyatoa yamebadilika mara kadhaa.

Kwanza tuelewe kinachotokea mwilini. Ngozi na nyama huishi kwa damu. Mtu akilala, uzito wake hukaa juu ya sehemu chache zenye mifupa: kifandugu, nyonga, visigino, mabega, viwiko, kisogo. Mfupa unabana nyama juu ya godoro, na mishipa midogo ya damu inafungika kama mpira wa maji uliokanyagwa. Wewe na mimi tukibanwa tunasikia ganzi, tunajigeuza hata usingizini. Aliyepooza hasikii, au anasikia lakini hana uwezo. Mara nyingi nyama iliyo karibu na mfupa hufa kwanza, na ngozi ya juu huonyesha dalili mwishoni. Kwa hiyo nyama inaweza kuharibika leo, na doa likaonekana juu ya ngozi siku mbili au tatu baadaye. Naomba mlishike jambo hilo, kwa sababu tutalirudia.

Ugonjwa huu ni wa kale sana. Katika maiti zilizohifadhiwa na Wamisri wa zamani alipatikana kuhani mmoja mwanamke, mzee, mwenye vidonda vya kulalia mwilini. Waliomtayarisha kwa maziko walivifunika vidonda hivyo kwa vipande vya ngozi ya swala. Mama yule alikuwa mtu wa heshima, na bila shaka alikuwa na watumishi.

Tuje karibu zaidi, miaka ya 1800. Huko Paris palikuwa na hospitali kubwa iitwayo Salpêtrière, ambamo maelfu ya wanawake wazee na maskini waliishi hadi kufa. Daktari wake mashuhuri, Jean-Martin Charcot, aliona kwamba mgonjwa wa kiharusi alipotoka kidonda kwenye matako alikuwa hakawii kufa. Katika miaka ya 1870 alifundisha kwamba kidonda cha namna hiyo hutokana na ubongo au uti wa mgongo ulioharibika, na kwamba ni dalili ya kifo. Charcot alikuwa mtu mwenye jina, na waliomsikia waliamini. Kama kidonda kinatoka kwenye ubongo, kumgeuza mgonjwa kuna faida gani?

Kumbe jibu lilikuwa limekwisha kutolewa, na aliyelitoa ni mtu wa bahari yetu hii ya Hindi. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa Port Louis, kisiwani Mauritius, mwaka 1817. Katika miaka ya 1850 alifanya majaribio kwa wanyama aliowakata uti wa mgongo. Aliona kwamba wakiwekwa pakavu na pasafi, wasilalie mahali pamoja, hawapati vidonda. Uti wa mgongo ulikuwa umekatika vilevile, ila ngozi ilibaki nzima. Hayo yalikuwa kabla ya mafundisho ya Charcot, lakini yule mwenye sauti kubwa ndiye aliyesikilizwa zaidi.

Wakati huohuo Florence Nightingale wa Uingereza, baada ya kuwauguza askari wa vita vya Crimea, aliandika kitabu chake juu ya uuguzi, kilichotoka mwaka 1859. Humo alisema waziwazi kwamba mgonjwa akipata kidonda cha kulalia, kwa kawaida kosa si la ugonjwa, ni la uuguzi. Sisi wauguzi tumelelewa na neno hilo. Ni neno kali, na ni la kweli kwa sehemu kubwa, lakini lina hatari yake. Limewafanya wauguzi wengi waone haya kidonda kinapotokea. Na mtu mwenye haya hufunika.

Sasa njooni hapa kwetu. Vita Kuu ya Kwanza mnaijua hata kama hamkuisoma shuleni. Reli ya kutoka Voi kwenda Taveta ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo. Februari 1916 walipigana Salaita, Machi wakapigana Latema na Reata, na makaburi ya askari yapo hadi leo Voi, Maktau na Taveta. Wapagazi wa Kiafrika waliokufa upande wa Waingereza ni zaidi ya 40,000, wengi kwa kuhara na homa ya mapafu, na wengi hawana kaburi lenye jina. Katika vita hivyo askari aliyepigwa risasi ya uti wa mgongo alihesabiwa kuwa amekwisha kufa. Wengi walifariki katika wiki au miezi michache. Walichomwa na risasi, lakini walichokufa nacho ni vidonda vya kulalia na mkojo ulioingia vijidudu.

Mtu aliyebadilisha mambo hayo alikuwa daktari Myahudi, Ludwig Guttmann, aliyekimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1939. Tarehe 1 Februari 1944 alifungua wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Hakuwa na dawa ya ajabu. Alichoagiza ni kwamba kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na yeye mwenyewe alikuwa akitokea wodini usiku kuona kama agizo linafuatwa. Watu waliokuwa wakingojea kufa wakaanza kupona, kukaa, kufanya kazi, hata kushindana. Michezo aliyoianzisha hospitalini hapo Julai 1948 ndiyo iliyozaa Paralimpiki. Vijana wetu wanaovunjika mgongo kwenye barabara ya Mombasa na kupelekwa Hospitali ya Taifa ya Majeruhi ya Uti wa Mgongo, Nairobi, wanaishi kwa utaratibu huohuo wa kugeuzwa.

Tazameni jinsi jibu lilivyohama. Kwa Charcot kidonda kilikuwa cha ugonjwa. Kwa Nightingale kilikuwa cha muuguzi. Guttmann alikifanya kuwa cha wodi nzima, kwa maana muuguzi mmoja, hata awe mwema namna gani, hawezi kugeuza watu thelathini usiku kucha. Lazima pawe na watu wa kutosha, ratiba, na mkubwa anayekagua.

Mwaka 1959 daktari wa Marekani, Michael Kosiak, alionyesha kwa majaribio ya mbwa kwamba mgandamizo mkubwa wa muda mfupi na mgandamizo mdogo wa muda mrefu huua nyama sawasawa. Yaani saa ni silaha. Mwaka 1962 muuguzi wa Kiingereza, Doreen Norton, na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wazee waliolazwa. Walilinganisha vitu mbalimbali vilivyokuwa vikipakwa ngozini, na walichokiona kinasaidia kwelikweli ni kumwondolea mgonjwa mgandamizo. Norton ndiye aliyetupa kipimo cha kumtambua mapema aliye hatarini: hali ya mwili, hali ya akili, kutembea, kujigeuza, na kujizuia haja. Kila moja hupewa alama 1 hadi 4, na mwenye jumla ya 14 au chini anahitaji uangalizi wa pekee. Ni hesabu ambayo mtoto wa darasa la tatu angeiweza.

Hata hivyo mazoea hayafi upesi. Wauguzi wa zamani walifundishwa kusugua mgongo wa mgonjwa kwa spiriti na poda kila asubuhi, na wapo kina mama hapa Voi wanaofanya hivyo hadi leo kwa sababu waliona sista akifanya. Tafadhali acheni. Spiriti inakausha ngozi, na kusugua juu ya mfupa kunaumiza nyama iliyokwisha kuchoka. Vilevile ule mviringo wa mpira au tyubu ya gari anaokalishwa mzee haufai, unabana damu pembeni. Na glavu zilizojazwa maji chini ya visigino, ambazo tulizipenda sana wodini, hazisaidii. Weka mto chini ya ndama ya mguu, kisigino kibaki hewani.

Huenda mama mmoja anasema: lakini mambo haya ya wazee kuwekwa mahali kutunzwa ni ya Wazungu. Ni kweli kwamba ukitaja nasing homu hapa kwetu mtu anafikiri unakwenda kujifungua, maana Kenya jina hilo limezoeleka kwa hospitali ndogo za watu binafsi. Nyumba za kutunzia wazee zipo lakini ni chache: Thogoto huko Kikuyu chini ya kanisa la PCEA, Kasarani Nairobi chini ya masista wa Kikatoliki. Zanzibar, serikali imekuwa na makao ya wazee Sebleni na Welezo. Kwetu Taita makao ya mzee ni nyumba ya mwanawe, na anapozidiwa, ni wodi ya hospitali. Kwa hiyo tunapouliza wajibu wa mahali panapotunza wazee, tunauliza juu ya wodi, na juu ya siku ile mzee anapotolewa wodini na kukabidhiwa kwako.

Wamarekani, ambao wana nyumba za wazee nyingi na ambako watoto wetu kadhaa wanafanya kazi ya kutunza, walifika mahali ambapo aibu iliwazidi. Mwaka 1987 Bunge lao lilipitisha sheria ya kurekebisha nyumba hizo. Kanuni zilizotungwa chini yake zilisema mzee akiingia bila kidonda asipate kidonda, ila kama hali ya ugonjwa wake inaonyesha kwamba hakikuweza kuepukika. Na akiingia nacho, atibiwe kipone. Hapo ndipo mzigo wa kujieleza ulipohama. Familia haikutakiwa tena kuthibitisha kwamba mama yao alipuuzwa. Nyumba ndiyo ilitakiwa ionyeshe ilichofanya. Kisha Oktoba 2008 bima ya serikali ya wazee ikaacha kuzilipa hospitali nyongeza kwa vidonda vikubwa vilivyompata mgonjwa akiwa ndani ya hospitali. Mara moja kila hospitali ikaanza kumvua mgonjwa nguo siku anapoingia, kumkagua ngozi, na kuandika. Fedha ilifanya kazi ambayo mafundisho ya miaka 150 hayakuimaliza.

Sitaki mfikiri kila kidonda ni uzembe. Christopher Reeve, yule mwigizaji wa Superman, alivunjika shingo mwaka 1995 alipoanguka kutoka kwenye farasi. Alikuwa na mali na wauguzi wake mwenyewe, na alipofariki Oktoba 2004 alikuwa akitibiwa kidonda cha namna hii kilichoingia vijidudu. Wataalamu waliokutana Marekani mwaka 2010 walikubaliana kwamba vingi vinaepukika, ila si vyote. Mgonjwa ambaye damu yake haizunguki vizuri, au aliye karibu kufa, anaweza kupata kidonda hata akitunzwa vyema. Ndiyo maana maandishi ni muhimu. Bila maandishi aliyefanya kazi na aliyelala usingizi wanafanana.

Hapa Kenya, Katiba ya 2010 katika Kifungu cha 57 inampa mzee haki ya kutunzwa na familia yake na serikali, wote wawili. Kifungu cha 43 kinatoa haki ya afya, na cha 46 kinasema huduma zinazotolewa ziwe za kiwango kinachofaa, iwe ni za serikali au za mtu binafsi. Tangu mwaka 2013 hospitali zetu za Voi, Wesu, Taveta na Mwatate ziko chini ya kaunti, na mwaka huohuo Wizara ya Afya ilitoa Mkataba wa Haki za Wagonjwa, unaosema mgonjwa ana haki ya kuelezwa hali yake na haki ya kulalamika. Malalamiko huanza kwa sista mkuu wa wodi, kisha msimamizi wa hospitali, kisha idara ya afya ya kaunti, na kama ni juu ya muuguzi yapo mabaraza, likiwemo Baraza la Wauguzi.

Nitawaambia jambo ambalo ni la aibu kwangu. Nilipokuwa mwanafunzi, usiku mmoja tulikuwa wawili na wodi imejaa. Katika kila kitanda cha aliyepooza paliwekwa karatasi ya kugeuza: saa ngapi, ubavu gani, sahihi ya nani. Alfajiri nilichukua kalamu nikatia sahihi kwa saa sita, saa nane na saa kumi. Niliowageuza ni wachache. Hakuna aliyenikemea, kwa sababu karatasi ilikuwa safi. Tangu siku hiyo nikiona karatasi iliyojaa vizuri mno huwa ninafunua shuka.

Turudi kwa mama yetu wa kiharusi. Niliwakalisha wana na mabinti pamoja nikawahesabia siku. Doa limeonekana Jumapili. Rudisha nyuma siku mbili au tatu: unafika Alhamisi na Ijumaa asubuhi. Siku hizo mama alikuwa wapi? Wifi mmoja akanyamaza. Kaka mkubwa akaandika barua, nikaandamana naye hospitalini. Tulipokelewa kwa heshima, karatasi ya kugeuza ikatolewa. Ilikuwa imejazwa kila baada ya saa mbili bila pengo, hadi saa kumi na mbili jioni ya Ijumaa. Mama aliondoka pale saa nane mchana.

Msimamizi aliitazama kwa muda mrefu. Hakuna aliyepelekwa mahakamani, familia haikutaka. Walichoomba ni kwamba kidonda kiandikwe kwenye faili kuwa kilianzia wodini, vifaa vya kufungia vitoke hospitalini bila malipo, na wodi ianze kumkagua kila mgonjwa ngozi anapoingia na anapotoka. Walipewa yote matatu kwa maandishi.

Kwa hiyo, mama, siku mzee wako anaporuhusiwa, kabla ya kulipa na kutafuta gari, omba sista amgeuze mbele yako. Tazameni pamoja kifandugu, nyonga na visigino. Vitabu tulivyosomea viliandika tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Gusa. Mahali panapoharibika huwa pa moto au baridi kuliko pembeni, pagumu au pamelegea, au pameiva rangi ya zambarau. Lolote mnaloliona liandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa, na tarehe yake.

Nyumbani, mgeuze kila baada ya saa mbili: ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Usiku unaweza kurefusha kidogo kama ngozi ni nzima na godoro ni nene. Mgeuze kwa kumwinua, usimburute juu ya shuka. Akijikojolea mwoshe kwa maji, umkaushe taratibu, umpake mafuta ya kawaida. Mpe chakula cha kujenga mwili: mayai, maziwa, samaki, mbaazi, kimanga chenye maharagwe mengi, na maji ya kutosha. Kidonda kikiwa na shimo, harufu au homa, usingoje, mwite muuguzi au mpeleke kituo cha afya. Na kazi hii isiachiwe mtu mmoja. Katika nyumba ile wana wa kiume walipangiwa zamu za usiku. Mmoja alilalamika kwamba hiyo ni kazi ya wanawake, dada yake akamuuliza yeye alibebwa tumboni na nani.

Kidonda cha mama kilichukua miezi saba kufunga. Mkaza mwana alinunua daftari la shule la kurasa 48 akalitundika kwa uzi kando ya kitanda. Niliposimama kulisoma siku ya mwisho niliyokwenda, nilikuta mistari mingine imeachwa wazi. Saa nane usiku ya Jumanne moja alikuwa ameandika: nililala, sikumgeuza.